Jenga Mwamba Kwanza, Reli Baadaye

Wasee, kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu anayejenga modeli ya treni hulifanya, na mimi nimelifanya mara mbili. Unachukua ubao, unapanga reli, kona zinakaa fiti, treni inazunguka, unafurahi. Halafu unarudi nyuma kuangalia, unaona kitu yote iko tambarare kama chapati, ndio unakumbuka mwamba. Unatafuta pembe iliyobaki, unaubandika hapo. Mwamba unakaa kama mgeni aliyefika harusini akapata viti vimeisha.

Hiyo ni historia imegeuzwa kichwa chini. Mwamba ulitangulia. Reli ndiyo iliyokuja baadaye ikaomba njia, na mara nyingi ikanyimwa.

Najua mtu atauliza mtoto wa Kithimani anajulia wapi mambo ya treni. Ni kweli hatuna. Sisi ni barabara ya Thika kwenda Garissa, matatu, boda na malori. Kituo cha reli cha karibu ni Thika, ambako reli kutoka Nairobi ilifika 1913 na haikukata kuja huku. Lakini mawe tunayo, tena mawe yenye hadithi. Uwanda wa Yatta unaanzia pande zetu hizi, karibu na Kilimambogo, unateremka kama kilomita 300 hadi Tsavo. Ni mmoja kati ya mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani. Mamilioni ya miaka iliyopita lava ilitiririka kwenye bonde, ikapoa, ikawa jiwe gumu. Kisha mvua ikala ardhi laini ya kando mpaka kile kilichokuwa chini ya bonde kikabaki juu kama ukuta. Manze, bonde liligeuka mlima! Na reli ya Mombasa ilipokuja, ilibaki upande ule mwingine wa mto Athi, ikasafiri sambamba na ukuta huo kwa masafa marefu bila hata kujaribu kuupanda.

Angalia pia kilichotokea Machakos mjini. Kabla Nairobi kuwa na jina la maana, Machakos ilikuwa tayari kituo kikubwa cha Waingereza, tangu 1889. Kama ungewauliza watu wakati huo mji mkuu utakuwa wapi, wengi wangekuelekeza huko. Lakini mji umezungukwa na milima, na treni haipendi milima. Reli ikapita tambarare za Kapiti na Athi, ikaiacha Machakos pembeni. Mwezi wa Mei 1899 ikafika kwenye kinamasi cha Nairobi, na mwaka huohuo John Ainsworth, mkuu wa mkoa wa Ukamba, akahamisha ofisi yake kutoka Machakos kwenda huko.

Na kwa nini reli ilipiga kambi hapo Nairobi? Kwa sababu mbele kulikuwa na mwamba. Pale ndipo palikuwa na nafasi ya mwisho ya maana iliyo tambarare kabla ya kupanda kwenda Kikuyu, halafu kuanguka kwenye Bonde la Ufa. Walihitaji mahali pa kuweka karakana, mabehewa na vyuma. Kwa hivyo ukiwa umekwama kwenye jam ya Nairobi ukimlaani aliyeamua mji uwe hapo, walaani pia kuta za Kijabe.

Hapo Kijabe ndipo ninapopenda zaidi. Reli ilifika kwenye ukingo, mtu akachungulia, akaona ardhi imeisha. Chini ni zaidi ya mita 400. Njia ya kudumu ya kuteremka polepole kwa kuzunguka ukuta ingechukua muda mrefu kuchonga, na Mhandisi Mkuu George Whitehouse alikuwa anaharakishwa na London, ambako wabunge walikuwa wakilalamikia gharama. Kwa hivyo wakajenga njia ya muda ya kamba. (Kamba za chuma, si sisi Wakamba, msianze.) Mteremko wenyewe mahali pengine ulikaribia mita 1 chini kwa kila mita 2 za kwenda mbele. Katika sehemu kali zaidi, behewa halikuteremka peke yake. Lilipandishwa juu ya jukwaa lenye magurudumu lililotengenezwa kwa pembe, ili behewa likae sawa huku jukwaa likishuka. Hata injini ziliteremshwa kwa kamba. Vifaa vikafika bondeni, kazi ikaendelea kuelekea ziwani, na huku nyuma wengine wakaendelea kuchonga njia ya kudumu ukutani. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu.

Sasa jaribu kuliweka hilo kwenye meza. Kipimo ninachotumia ni 1 kwa 87, ambacho watu wengi duniani wanatumia. Ukuta wa mita 400 unakuwa mita 4.6. Nyumba yetu haina dari ya hivyo, na hata yako sidhani. Injini kubwa za mvuke za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, zile ndefu karibu mita 32, zinatoka sentimita 36 hivi. (Ziliitwa kwa majina ya milima, na moja ilikuwa Ol'Donyo Sabuk, huyu Kilimambogo ninayemwona nikitoka nje asubuhi. Ukitaka kuona injini za aina hiyo kwa macho, nenda makumbusho ya reli Nairobi, iko 5918, Mount Gelai.) Kwa hivyo lazima udanganye urefu. Hapo sina shida, kila mtu anadanganya urefu. Unachonga ukuta wa sentimita 60, unauendeleza mpaka ukingo wa juu usionekane, unaacha jicho limalizie.

Uongo ninaoukataa ni ule wa aina ya mwamba. Vitu vingi tunavyoiga vinatoka kwa watu wanaojenga milima ya Uswisi au Colorado, na tunaiga mpaka rangi. Mwamba wa lava wa kwetu hupasuka wima, nguzo nguzo, vipande vyenye pembe kali, rangi ya kijivu kilichokolea. Mawe ya kale ya milima ya Machakos ni tofauti kabisa: yana mistari iliyojikunja kama nyama yenye mafuta, na yakikaa kwenye hali ya hewa yanaviringika. Ukivichanganya viwili kwenye ukuta mmoja, mtu hatajua kwa nini modeli yako inaonekana kama bandia, lakini atahisi.

Mimi natumia kadibodi za maboksi, nazisuka kama kikapu kupata umbo, nafunika kwa magazeti, halafu jipsamu, ile ya kupigia dari. Kwa sura ya lava, chukua karatasi ya foili ya kufungia chakula, ikunje, ikunjue kidogo, mimina jipsamu ndani, subiri ianze kushika lakini ikiwa bado inapinda, ibandike ukutani na uishike kwa mkono. Ikikauka toa foili. Nyufa za wima nazikata kwa kisu kabla haijawa ngumu sana. Rangi usipake kijivu kimoja kama ukuta wa shule. Anza na maji yenye rangi kidogo sana, kahawia hapa, kijivu pale, halafu nyeusi iliyochujwa mpaka karibu iwe maji matupu, iingie kwenye nyufa yenyewe. Mwisho brashi kavu yenye rangi nyepesi, uguse kingo tu. Udongo ni wa bure: mwekundu wa Kithimani, umepitishwa kwenye chujio la chai, umemwagiwa gundi ya mbao iliyochanganywa na maji. Mama aliuliza chujio liko wapi. Bado hajapata jibu.

Lakini kuna kitu kilichonisumbua kwa wiki nzima. Ukuta wangu ulikuwa mzuri na bado ulikuwa na makosa. Nilikuja kukiona nikiwa njiani kwenda Nairobi, nikitazama machimbo ya mawe ya Ndarugo. Ukuta uliokatwa na watu haufanani na ukuta uliokatwa na mvua. Una alama. Kando ya reli, mwamba mwingi unaouona ni wa aina hiyo. Mtu alisimama pale na chuma na nyundo akatoboa shimo, wakajaza baruti, wakalipua, na nusu ya shimo ikabaki kwenye jiwe kama mfereji mdogo ulionyooka. Kwa kipimo changu shimo hilo ni nusu milimita. Ni kazi ya sindano.

Wafanyakazi walioletwa kutoka India kujenga reli ile walikuwa karibu 32,000, wengi wao Wapunjabi. Karibu 2,500 walikufa. Sisi tunafundishwa simba wa Tsavo tu. Patterson aliyewaua alidai walikula watu 135. Watafiti waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao, ambao leo wako makumbusho ya Chicago, walikadiria karibu 35. Hata ukichukua namba ya Patterson, bado kuna zaidi ya watu 2,300 ambao hakuna filamu yao. Ukigawa vifo vyote kwa urefu wa reli mpaka Kisumu, unapata watu 4 na kitu kwa kila maili. Meza yangu ya futi 8 ni sawa na kama mita 210 za reli halisi. Nilipiga hesabu usiku, nikapata zaidi ya nusu ya mtu. Nusu ya mtu kwenye meza yangu. Nilizima taa nikalala vibaya.

Na sihitaji kwenda mpaka Kijabe. Mfereji wa Yatta unaopita kwetu, ule tunaonywesha nao nyanya na mahindi, unatoka mto Thika na una urefu wa karibu kilomita 60. Ulichimbwa miaka ya 1950 na wafungwa wa Mau Mau, kwa majembe na mitaimbo. Nimeuruka mfereji huo tangu nikiwa mdogo nikidhani ni mto. Kama ningeuweka kwenye modeli zamani, ningeuchonga kingo za mviringo, za asili, na nyinyi mngesema ni safi sana.

SGR, kwa upande wake, imetatua shida ya ukuta kwa kuufuta. Kutoka Nairobi kwenda Suswa, reli iliyofunguliwa 2019, inapita kwenye handaki la Ngong la kilomita 4.5. Dirisha linakuwa jeusi, ukitoka uko bondeni. Ni uhandisi mkubwa, sipingi. Kwa mtu wa modeli ni mashimo mawili na giza katikati.

Kwa hivyo ubao wangu wa tatu hauna reli bado. Una ukuta tu, umesimama katikati, na nimeutoboa mashimo 41 kwa sindano ya susu, mistari ya wima, mengine yameenda upande kwa sababu mkono ulichoka. Nayaacha hivyo. Chini ya ukuta, mahali njia itakapopita, nimeacha upana wa sentimita 6, na tayari naona kona moja haitatosha. Itabidi nichonge tena.