Ndugu wa feleji, shujaa wa jiwe

Mara ya kwanza kuwaona ndugu wawili wa Elric sikuwaona kitabuni. Niliwaona katika soko la Gikomba, Nairobi, kwenye fulana nyeusi ya mitumba ambayo haikuwa hata ya kamera, yaani ya daraja la kwanza: shingo imelegea, na kifuani nyoka amejizungusha msalabani, juu yake mabawa na taji. Nilidhani ni nembo ya kanisa fulani. Kijana aliyekuwa akichakura lundo lile lile alinitazama kwa huruma, akanieleza alama ile ni ya kina nani, na kabla sijalipa alikuwa amefika kwenye kisa cha mtoto Nina na mbwa wake. Alikisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza msiba wa jirani.

Hadithi yenyewe inatimiza miaka 25 Julai 2026. Ilianza Julai 2001 katika jarida la Kijapani la Monthly Shonen Gangan, kalamu ikiwa ya Hiromu Arakawa, binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kisiwani Hokkaido. Ulimwengu unaijua kama Fullmetal Alchemist. Kwa Kijapani jina linamtaja mwanaalkemia wa chuma cha pua, na Kiswahili cha wazee kina neno linalotosha hapo: feleji. Edward ana miaka 11 na mdogo wake Alphonse 10 wanapojaribu kumfufua mama yao kwa alkemia, ile elimu ya kugeuza kitu kuwa kitu kingine. Jaribio linawageukia. Alphonse anapoteza mwili mzima. Edward anapoteza mguu, kisha anautoa na mkono ili roho ya mdogo wake ifungwe ndani ya deraya tupu. Safari ya kutafuta walichopoteza ilichukua sura 108 na vitabu 27, ikaisha Juni 2010.

Sheria ya alkemia yao ni kwamba hupati kitu bila kutoa kingine cha thamani ile ile. Mswahili alishasema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Arakawa amesimulia kwamba aliipata sheria hiyo shambani, kwao ambako asiyefanya kazi hakutarajia sahani. Ndiyo maana akijichora mwenyewe hujichora kama ng'ombe aliyevaa miwani.

Yule kijana wa Gikomba hakuwa akinisimulia tu. Alikuwa akibishana na hadithi, akimlaumu huyu na kumtetea yule, na ubishi wa namna hiyo una historia ndefu upande huu wa jiji. Katika kuifuata historia hiyo nimemtegemea zaidi Bodil Folke Frederiksen, mtafiti wa Denmark aliyeandika kuhusu starehe za Nairobi katika miaka ya 1940 na 1950, kuhusu jarida la Joe, na kuhusu vijana wa Pumwani na mambo wanayosoma na kutazama. Hoja yake nimeipenda, na nakiri kwamba imenielekeza macho: msomaji wa mtaani haimezi hadithi nzima nzima. Huitumia kuzungumza mambo ya nyumbani kwake, ya baba na mwana, mume na mke, mkubwa na mdogo.

Pumwani, jirani na soko la Gikomba, ilianzishwa mapema miaka ya 1920 kama mtaa rasmi wa Waafrika. Waislamu wa makabila mbalimbali walijenga humo mtaa wa Majengo, wapangaji wakafuata, na ukumbi wa Memorial Hall ukawa mahali pa dansi na mikutano. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia maofisa wa manispaa walitaka kuwafundisha wakazi starehe zinazofaa: sinema za kuelimisha, michezo, magazeti ya heshima. Wakazi walichukua walichotaka, kingine wakakiacha mlangoni.

Hawakuhitaji ofisa yeyote awafundishe kumpenda Lance Spearman. Mwishoni mwa miaka ya 1960 jarida la African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum, lilienea Afrika Mashariki likiwa na hadithi za picha zilizopigwa kwa kamera. Spear alikuwa mpelelezi mweusi mwenye kofia, sigara nene na ngumi nyepesi, na Jore Mkwanazi aliyemwigiza akawa sura inayotambulika kutoka Lagos hadi Nairobi. Walimu waliyanyang'anya majarida yale madarasani, na nakala moja ilipita mikono mingi hadi jalada likachanika. Jambo ambalo wasomaji wengi hawakulijua ni kwamba shujaa yule alitengenezwa kusini mwa Afrika, ubaguzi wa rangi ukiwa umeshamiri, na jiji lake lisilo na jina halikuonyesha ubaguzi hata kidogo. Wapo waliojiona wamedanganywa walipolijua hilo. Wengine waliona afadhali jiji la kubuni ambamo Mwafrika anaendesha gari lake na kumkamata mwizi kuliko kukosa hata hilo.

Kisha likaja Joe, mwaka 1973, la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, Mwingereza aliyehamia Kenya na kuchora hadi watu wakasahau alikotoka. Joe hakuwa na miujiza. Alikuwa mwananchi wa kawaida anayecheka ili asilie: kodi ya nyumba, baa, mwisho wa mwezi usiofika. Frederiksen aliipa makala yake ya 1991 jina linaloliita jarida hilo usomaji mtamu kuliko wote Afrika. Lilikufa mwaka 1979. Taifa Leo nalo lilikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, na sijamwona Mkenya wa rika langu aliyeanza gazeti lile kwa kusoma ukurasa wa kwanza.

Hirst hakukaa kimya baada ya Joe. Mapema miaka ya 1980 ulitoka mfululizo wa Pichadithi, vitabu vyembamba vya visa vya kale vilivyogeuzwa picha. Kimojawapo ni cha Lwanda Magere, na hapo ndipo ningependa msomaji wa Fullmetal Alchemist akae kitako. Lwanda ni shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ni jiwe. Mikuki inamgonga na kuanguka. Maadui wanampa binti yao amwoe, na siku anapougua anamwambia mkewe huyo achanje chale kwenye kivuli chake badala ya kwenye ngozi. Mke anachanja, na damu inatoka kwenye kivuli. Usiku ule siri inavuka mpaka. Katika vita vinavyofuata mkuki unachomwa kivulini na shujaa anaanguka. Jiwe lake linaonyeshwa hadi leo katika nyanda za Kano.

Sasa mtazame Alphonse. Mwili wa chuma, risasi zinamgonga na kudunda, watoto wanamwogopa. Ndani ya deraya, nyuma ya shingo, ipo alama iliyochorwa kwa damu ya kaka yake, nayo ikifutwa roho imekwenda. Mtoto aliyelelewa na Lwanda hahitaji kufafanuliwa kitu hapo. Sisemi Arakawa alisikia habari za Kano. Nasema wasomaji wetu hawakuingia katika hadithi ile wakiwa wageni, ingawa walioileta waliwachukulia hivyo.

Na waliileta kwa njia za panya, tusifichane. Katika miaka ya 2000 vitabu vya manga havikuwa vitu vya kununuliwa na kijana wa Majengo. Vilivyopatikana ni filamu za katuni zilizotokana na vitabu hivyo, zikiwa kwenye diski za kunakiliwa, baadaye kwenye fleshi, baadaye kwenye simu. Wengi wetu, kwa hiyo, tulipokea hadithi ile bila mpangilio, sehemu ya 9 kabla ya sehemu ya 3, na kwa matoleo mawili yasiyopatana. Hapo ndipo palipozaliwa ugomvi ambao mpaka leo unaweza kuharibu kikao.

Toleo la kwanza, la sehemu 51, lilianza kuonyeshwa Japani mwaka 2003 wakati Arakawa angali katikati ya kuandika. Studio ya Bones ikamaliza hadithi kivyake. Toleo la pili, Brotherhood, la sehemu 64, lilitoka 2009 na 2010 likifuata vitabu hadi mwisho. Ugomvi, kwa ufupi, ni lipi la kweli, na silaha inayotumiwa na pande zote mbili ni Nina Tucker.

Nina ana miaka minne. Anaishi na mbwa mkubwa na baba yake, Shou Tucker, mtaalamu wa serikali wa kuunganisha wanyama wawili kuwa mmoja. Mama, wanaambiwa wageni, aliondoka. Tucker alipata leseni yake kwa kutengeneza kiumbe kinachojua kusema, na maneno pekee ambayo kiumbe kile kilisema ni kwamba kinataka kufa. Sasa leseni inakaribia kukaguliwa tena. Asubuhi moja Edward na Alphonse wanafika, na baba anawaonyesha kwa fahari kiumbe kipya kinachosema. Kinamwita Edward kaka. Edward anauliza mambo mawili tu: leseni ya kwanza ulipata lini, na mkeo aliondoka lini? Kisha anauliza Nina yuko wapi, na mbwa yuko wapi.

Arakawa alilitia tukio hilo mapema sana, katika sura ya 5, kabla msomaji hajapata muda wa kujikinga. Toleo la 2003 linawakalisha ndugu wale nyumbani kwa Tucker kwa muda mrefu, wakisomea mtihani, wakicheza na mtoto thelujini, hata pigo linapokuja limeshakuwa la familia. Toleo la pili linamaliza yote katika sehemu moja. Kambi ya kwanza inasema waliokutana na Nina kwa dakika ishirini hawakumjua. Kambi ya pili inajibu kwamba ghafla ile ndiyo ukatili wenyewe, kwa sababu msiba haupigi hodi. Mimi niko kambi ya kwanza, na sitanii.

Swali gumu zaidi ni la Scar, mtu anayemuua kiumbe yule usiku ule. Alimhurumia au alimuua? Duniani kote wasomaji wamelibishania kwa miaka 25, lakini nilivyolisikia likibishaniwa mitaani kwetu lilikuwa na ladha yake. Watu hawakukaa sana na falsafa ya uhai. Walikwenda moja kwa moja kwa baba: mzazi anayemtoa mwanawe ili asipoteze kazi ya serikali. Kila mmoja alikuwa na jirani wa kumfananisha naye, na majina yalitajwa ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Hapo Frederiksen angetabasamu.

Scar mwenyewe ni mtu wa Ishval, taifa lililoangamizwa na jeshi la nchi yake kwa amri iliyosainiwa ofisini. Arakawa aliichota sehemu hiyo kwenye historia ya Hokkaido, ambako walowezi wa Kijapani waliwanyang'anya Waainu ardhi, na alizungumza na wanajeshi wa zamani ili asiandike vita kama mchezo. Msomaji wa Eastleigh na Pumwani aliyeona Aprili 2014, polisi walipopita nyumba hadi nyumba katika Operesheni Usalama Watch na kuwapeleka maelfu uwanjani Kasarani, wengi wao Wasomali, hakuhitaji tanbihi katika sura za Ishval.

Mambo mengine ya hadithi hii yanajulikana. Nakala zaidi ya milioni 80 zimechapishwa. Toleo la jarida lililobeba sura ya mwisho liliisha madukani hata wahariri wakaichapisha sura hiyo mara ya pili. Mwandishi alijifungua mwaka 2007 bila kusimamisha kazi, na kwa muda mrefu wasomaji walidhani ni mwanamume, kwa kuwa alilibadili jina lake la Hiromi kuwa Hiromu. Kila Oktoba 3 mashabiki hukumbuka siku ndugu wale walipoichoma nyumba yao ili wasiwe na pa kurudi.

Hakuna anayeikumbuka siku yoyote ya Frank Odoi. Huyu alikuwa Mghana aliyeifanya Nairobi kuwa kwao, mchoraji wa magazeti na wa Pichadithi, na baba wa Akokhan, hadithi ya picha ya mashujaa wenye nguvu za kimiujiza iliyochotwa kwenye visaasili vya Afrika. Kama kuna mtu aliyetuandikia alkemia yetu, ni yeye. Kitabu cha Akokhan kilichapishwa Finland. Odoi alifariki katika ajali ya matatu jijini Nairobi Aprili 2012. Mwaka huo huo Shujaaz, katuni ya Sheng iliyogawiwa bure tangu 2010, ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy, na tukashangilia kana kwamba hadithi za picha zimeanza Kenya juzi.

Kijana wa Gikomba hakuwahi kusikia jina la Odoi. Nilimtajia Lwanda Magere, akanijibu kwamba bibi yake alimsimulia, ila hakujua kuna aliyemchora. Simlaumu. Angemwona wapi? Vitabu vya Pichadithi viliishia mikononi mwa wauza njugu, ukurasa kwa ukurasa, na kurasa za Joe ziliwahi kufungiwa nyama katika bucha niliyoijua. Serikali iliyotumia fedha kuwapangia Waafrika usomaji unaofaa miaka ya 1940 iliacha warithi wasiotumia hata senti kuuhifadhi ule ambao watu waliuchagua wenyewe.

Kutoka Pumwani ukivuka Jogoo Road unafika maktaba ya Kaloleni, na mbele zaidi ipo ya Makadara. Zote mbili zimekarabatiwa katika miaka ya karibuni na shirika la Book Bunk kwa ushirikiano na kaunti, zina viti, zina mwanga, na zina watoto wanaosoma. Kama una Spear, Joe, Pichadithi au Akokhan chini ya kitanda, hata kama jalada limeliwa na mende, usiiuze kwa kilo. Ipeleke huko, na uombe iwekwe kwenye rafu ambayo mtoto wa miaka 11 anaifikia.