Kafi, Mzigo na Kidole

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo ambayo lugha nyingine huyatenga. Ngoma huchezwa, bao huchezwa, karata huchezwa, na mtoto anayeruka kamba naye yumo mchezoni. Wahenga waliposema kwamba atakaye uhondo wa ngoma aingie acheze, hawakulazimika kueleza kama walikusudia kusakata au kushindana. Kwa hiyo mchezo wa video uitwao Theatrhythm Final Fantasy, uliotolewa nchini Japani tarehe 16 Februari 2012, hauhitaji maelezo marefu kwa msemaji wa lugha hii. Ni ngoma inayochezwa kwa kidole.

Mchezo huo ulitengenezwa kuuadhimisha muziki wa mfululizo ulioanza miaka 25 kabla yake. Final Fantasy ya kwanza ilitoka tarehe 18 Desemba 1987, kazi ya kampuni ya Square chini ya uongozi wa Hironobu Sakaguchi. Ndani yake mchezaji huvaa uhusika wa wasafiri wanne, huvuka nyika, milima na bahari, hupigana na madubwana, na kuisogeza hadithi kwa saa nyingi. Muziki ulitungwa na Nobuo Uematsu, mtu aliyejifundisha kinanda mwenyewe. Mashine ya siku zile ilikuwa maskini wa sauti: tatu za kubeba mahadhi, na moja ya mvumo kwa ajili ya kishindo cha ngoma. Kwa sauti hizo chache ilimbidi atunge mahadhi yanayoweza kurudiwa mara mia bila kuchosha, kwani msafiri akizunguka nyikani saa nzima, wimbo nao huzunguka naye saa nzima. Washairi wanaijua taabu hiyo. Kibwagizo kibovu huliangusha shairi zima, kwa sababu hicho ndicho kinachorudi.

Theatrhythm iliiacha hadithi ikazishika nyimbo. Alama hupita kwenye kioo kwa kufuata mapigo. Nyingine huguswa, nyingine hushikiliwa kwa muda, nyingine huburutwa kwa mshale. Nyimbo zimegawanywa kwa kazi zake: zipo za vita, zipo za matukio makubwa ya hadithi, na zipo za njiani. Katika hizi za njiani, mhusika mmoja hutembea nyikani huku wimbo ukiendelea. Mchezaji akipatia mapigo, mhusika huenda mbali zaidi. Akikosea mno, safari hukatika. Toleo la Februari 2023, liitwalo Theatrhythm Final Bar Line, lilitoka na nyimbo 385. Wanunuzi wake wengi walikwisha kuzijua nyimbo hizo tangu utotoni. Walilipa ili watembee nazo tena.

Jambo hili la kwenda mbali kwa kadiri ya kushika mapigo, ambalo katika mchezo ni kanuni ya kubuni, palikuwa na watu ambao kwao lilikuwa ajira. Rasi ya Bangwe imejitokeza ziwani kati ya ghuba ya Kigoma na mji wa Ujiji. Kabla ya reli na meli, kila kilichofika katika pwani hii ya Ziwa Tanganyika kilifika kwa bega, kwa kichwa au kwa kafi, na mitumbwi yote iliyotoka Ujiji kwenda kaskazini iliizunguka rasi hii. Richard Burton na John Speke waliizunguka mwezi Aprili 1858 wakielekea Uvira. Livingstone na Stanley waliizunguka mwezi Novemba 1871 wakienda kuutazama mto Rusizi, wakakuta kwamba unaingia ziwani wala hautoki.

Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, aliwalalamikia wapiga kafi wake kwa kuimba. Mmoja alianza kwa sauti ndefu, wenzake wakaitikia kwa nguvu, na mgeni yule akaona ni ukelele wa kumkosesha raha. Hakuona kwamba mtumbwi mrefu wenye watu wengi, kila mmoja na kafi yake, hauendi kwa nguvu tu. Kafi zisipoingia majini pamoja, mtumbwi huyumba na mikono hugongana. Kiitikio kilikuwa ndiyo injini yake. Aliandika kelele yao kuliko wimbo wao, na hiyo ndiyo kumbukumbu iliyobaki ya safari ile.

Nchi kavu mambo yalikuwa hayo hayo. Msafara uliotoka Bagamoyo ulikuwa na zaidi ya kilomita 1,000 mbele yake hadi Ujiji. Burton mwenyewe aliondoka pwani mwezi Juni 1857 akaliona ziwa mwezi Februari 1858. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32. Mbele alikwenda kirangozi na ngoma, na nyimbo za kupokezana zilipima hatua, zilitania wakubwa wa msafara, zilisifu nyumbani na kuulizia chakula. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi, ameonyesha kwamba wengi wao, hasa Wanyamwezi, walikuwa wafanyakazi huru wenye ujira, desturi na heshima ya kazi yao. Lakini njia ilikuwa ile ile waliyopitishwa mateka wenye minyororo shingoni. Hao nao walikwenda kwa hatua moja, na si kwa sababu ya wimbo. Anayezisifu nyimbo za njia hii asiwasahau waliotembezwa humo kimya.

Mwezi Februari 1914 reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Mwaka uliofuata Wajerumani walishusha majini hapo Kigoma meli ya Graf von Goetzen, waliyoizamisha wenyewe mwaka 1916; Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mzigo ukahama kutoka begani ukaingia behewani. Hakuna wa kulilia frasila mbili za kichwani. Ila kazi ilipoondoka, ilichukua na nyimbo zake. Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa makabila mbalimbali, ilikuwa imepita miaka 36 tangu garimoshi lifike Kigoma. Aliyekuwa mpagazi kijana siku ile, kama alikuwa hai, alikuwa mzee.

Hapa ndipo mchezo wa Wajapani unapotoa funzo. Nyimbo za Uematsu zilikuwa na mwenyewe tangu siku ya kwanza: mtunzi mwenye jina, kampuni yenye haki, na mashine iliyozihifadhi noti kwa noti. Ndiyo maana miaka 25 baadaye palikuwa na kitu cha kuadhimisha. Nyimbo za kafi na mzigo zilikuwa mali ya wote, na mali ya wote ikikosa mlinzi hupotea bila mtu kushtakiwa. Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha kwa UNESCO njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, Ujiji ikiwemo, iwekwe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Ni jambo jema. Lakini orodha ile ni ya mahali, na wimbo hauna ukuta wa kupigiliwa kibao.

Lugha iliyotembea na misafara ile ilikuwa na bahati zaidi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake ya njiani kwa Kiswahili, nayo yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Miaka mia baadaye, mwaka 2005, Kiswahili kiliingia katika michezo ya video kwa mlango wa mbele: Mmarekani Christopher Tin alitunga wimbo uitwao “Baba Yetu” kwa ajili ya Civilization IV, akiyafuata maneno ya Sala ya Bwana, naye Mkenya Chris Kiagiri akashiriki katika kuyapanga maneno hayo. Mwaka 2011 wimbo huo ulikuwa wa kwanza uliotungwa kwa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Kwaya za mabara mengi huuimba, na waimbaji wasiojua Kiswahili hujifunza silabi zake moja moja. Mizani hiyo ya wazi, irabu ikifunga karibu kila silabi, ndiyo iliyoifanya lugha hii iitike vyema chini ya mzigo.

Kwa hiyo si kweli kwamba mambo ya huku hayaingii katika vyombo vya kisasa. Huingia yale yaliyoandikwa au kurekodiwa. Theatrhythm haikubuni urithi. Ilikuta urithi umetunzwa, ikautafutia njia ya kuchezwa. Kazi ya kutunza hutangulia, nayo haitaki kampuni kubwa wala fedha nyingi. Yataka mtu akae na wazee, awaulize baba zao waliitikia nini, na asikilize kwa makini kuliko Burton.

Usiku Bangwe na Katonga bado huangalia taa za wavuvi wa dagaa zikitapakaa ziwani. Boti nyingi sasa zina injini, nayo injini haidai kuitikiwa. Lakini mvuvi kijana ana simu mfukoni, na simu hiyo ina nafasi ya kuweka nyimbo 385 na ziada.