Mshamba Anapochekesha Mji

Wapo watu wa mjini ambao tusi lao la kwanza ni "mshamba". Neno lenyewe halina ubaya. Ni mtu wa shamba, yaani yule yule anayewalisha hao wanaomcheka. Lakini mji una tabia ya kusahau ulikotoka, na ukishasahau humtafuta mtu wa kuuchekesha. Leo tutazame jinsi redio ya Marekani ilivyomtafuta mtu huyo, ikamkuta ni mwanamke.

Mwaka 1936 msichana aitwaye Lily May Ledford, mzaliwa wa milima ya Kentucky, alifika Chicago kupiga muziki katika stesheni ya WLS. Stesheni hiyo ilikuwa na kipindi mashuhuri cha muziki wa kantri, National Barn Dance, kilichosikilizwa na wakulima pamoja na watu waliokwisha kuhamia mijini kutafuta kazi. Lily May alikuwa hodari wa fidla, lakini meneja wake, John Lair, alimtaka ashike banjo zaidi, kwa kuwa ilinukia ukale. Alipotamani kuvaa na kutengeneza nywele kama wasichana wa mjini, aliambiwa abaki msichana wa mlimani. Yaani amefika mjini, analipwa na mji, lakini kazi yake ni kujifanya hajafika!

Mwaka 1937 Lair aliunda bendi ya wanawake watupu, mojawapo ya bendi za mwanzo za namna hiyo redioni. Walikuwa wanne: Lily May, dada yake Rosie, na wenzao wawili waliopewa majina ya maua, Violet na Daisy. Wasichana walipendelea jina lenye maua pia. Lair akawaita Coon Creek Girls, wasichana wa kijito cha rakuni, ili msikilizaji asiwe na shaka kuwa hawa ni wa shamba. Kumbe Violet na Daisy hata si wenyeji wa Kentucky. Wakavalishwa magauni marefu ya kizamani, wakaanza kutangazwa kutoka Cincinnati kupitia WLW, ambayo siku hizo ilikuwa na nguvu ya wati 500,000. Walipiga kwa kasi na kwa kicheko, na miongoni mwa nyimbo walizorekodi mwaka 1938 ulikuwamo mmoja wa mzaha kuhusu kula vimkate. Tarehe 8 Juni 1939 walitumbuiza Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Roosevelt na mgeni wake, Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Lily May alisimulia baadaye kwamba Mfalme alikaa na uso mkavu, ila mguu wake ulikuwa ukifuata mdundo.

Sasa mlinganishe na mwanamke mwingine. Sarah Ophelia Colley alikuwa binti wa mfanyabiashara wa mbao huko Tennessee, aliyesomea uigizaji katika chuo cha Nashville. Mwaka 1940 alipanda jukwaa la Grand Ole Opry kwa jina la Minnie Pearl, mwanamke wa kijijini mwenye kofia ya maua. Baadaye kofia hiyo ilipata alama yake kuu: kikaratasi cha bei, dola 1.98, kikining'inia kana kwamba mwenyewe alisahau kukitoa. Alichekesha kwa zaidi ya miaka 50, hadi ugonjwa ulipomsimamisha mwaka 1991, na akafariki mwaka 1996 akiwa na heshima zake zote.

Tofauti iko wapi? Msomi alijivika ushamba kwa hiari yake, na jioni akauvua. Mzaliwa wa mlimani alivikwa ushamba na meneja, akakatazwa kuuvua. Mzaha ulikuwa mmoja, lakini Minnie Pearl aliumiliki na Lily May aliajiriwa nao. Haki ya kusimulia maisha yake kwa maneno yake mwenyewe aliipata uzeeni, alipoandika kumbukumbu zake.

Wala tusidhani mambo haya yako mbali nasi. Sahani za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933, zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi huko wasichana wakiimba juu ya mtu aitwaye Chemirocha, jina lililotokana na Jimmie Rodgers. Kwa maelezo ya Tracey, mwimbaji huyo amekuwa kiumbe cha ajabu, nusu mtu na nusu paa. Hapo mzaha uligeuka. Sauti ya mashine ya mjini ndiyo iliyofanywa kichekesho, na wenye kucheka walikuwa wasichana wa kijijini, bila meneja wa kuwachagulia gauni.

Kwa hiyo, unapomwona mshamba akichekesha jukwaani au redioni, cheka, kwani kicheko ni afya. Lakini jiulize pia: nani aliyemwandikia maneno, nani aliyemchagulia nguo, na fedha za kiingilio zinalala mfukoni mwa nani. Mji unaocheka bila kujiuliza hayo unamcheka bibi yake.