Njia Panda ya Bigwa: Filamu Ilifundisha, Nani Alisikiliza?

Ukisimama njia panda ya Bigwa, mashariki mwa mji wa Morogoro, una barabara mbili mbele yako. Moja yaelekea Kingolwira na kuendelea hadi Dar es Salaam. Nyingine yaelekea Matombo, upande wa pili wa milima ya Uluguru. Barabara hizo mbili zimebeba historia ya jinsi serikali ya kikoloni ilivyojaribu kumfundisha mkulima.

Mwaka 1935, kule Vugiri, Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walianza kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, kwa fedha zilizotoka hasa Shirika la Carnegie la New York. Kufikia mwaka 1937 zilikuwa 35: za safura, kilimo, kodi na akiba ya posta. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Maelezo yalitoka kwenye santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine. Miongoni mwa chache zilizosalia ni ile ya mwaka 1936 kuhusu jaribio la mashamba ya wakulima, Kingolwira.

Tusiwabeze waanzilishi hao. Walijali hata kuandika jinsi watazamaji walivyozipokea filamu zao. Lakini santuri ina tabia moja: husema, haisikii. Mtazamaji aliweza kucheka, kushangaa au kuondoka. Kulibadili somo hakuweza.

Miaka ya 1950 utaalamu ulirudi Uluguru ukiwa amri. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Walilalamika kwamba kazi ni nzito, na kwamba udongo wa chini usio na rutuba unaletwa juu. Hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa. Matuta yakaachwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na hoja ya mkulima nayo ilikuwa ya kweli; gharama ya kutozikutanisha mapema ikawa uhai wa mtu.

Leo Bigwa ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimojawapo cha vyuo vilivyoasisiwa kuanzia mwaka 1975 kwa mfano wa Uswidi, kwa imani kwamba mtu mzima huja darasani na ujuzi wake.

Ndugu mtumishi wa umma unayepanda milimani na projekta: baada ya slaidi ya mwisho, umetenga muda wa mkulima kukukosoa, nawe ukaandika alichosema?