Kabla ya Kubadilisha Spea, Uliza Gari Limepitia Wapi

Wasee, pickup ya mzee wangu ilibaki kidogo tu iuzwe kwa kilo.

Ni Datsun 1200, ile ndogo ambayo watu wengi wa huku ziwani washawahi kubebwa nyuma yake wakiwa wamekalia magunia. Ikifika 70 kwa saa, sakafu inaanza kuvuma, na kwa kile kioo cha katikati unaona magari mawili pahali pako moja. Tulibadilisha tairi. Tukabalansi magurudumu. Tukaweka mounting mpya za gia boksi. Mafundi watatu wakapita, pesa zikaisha, mtetemo ukabaki palepale. Mzee akachoka, akasema aitwe mtu wa vyuma chakavu.

Kabla huyo hajafika, jirani alitupeleka kwa fundi mmoja wa makamo ya babu, upande wa Kibuye. Hakushika spana. Alizunguka gari mara moja, akaniuliza, "Kijana wangu, hii gari imepitia wapi?" Nikaanza kumtajia barabara. Akacheka. Alikuwa anauliza historia yake. Maoni yangu ya leo ni hayo: ukitaka kujua kwa nini gari la zamani linatetemeka, soma historia kwanza, spea baadaye.

Tuanze na jina. Kile chuma kirefu kinachotoka gia boksi hadi kwa dif, mafundi wanakiita propela. Hakina mapanga, hakisukumi maji. Jina ni la meli. Na hapa Kisumu propela ya meli ilitangulia ya gari: SS William Mackinnon, meli iliyosafirishwa kutoka Scotland ikiwa vipandevipande, ilishushwa ziwani mwaka 1900. Reli ilifika Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence.

Sasa, ndani ya meli shafti hulala imenyooka. Kwa gari haiwezekani, kwa sababu ekseli ya nyuma inaruka na springi kila ukipiga shimo. Shafti lazima ikunjike huku inazunguka. Kazi hiyo inafanywa na ile jointi yenye umbo la msalaba, yunivasali. Mwingereza Robert Hooke aliichunguza karne ya 17, zamani sana kabla ya magari, na tabia yake mbaya ilijulikana tangu hapo: ikikunjika, upande mmoja unazunguka sawasawa, lakini upande wa pili unaharakisha na kupunguza mwendo, mara mbili kwa kila mzunguko. Dawa ni kuweka jointi mbili, uma zake zikiwa kwenye mstari mmoja, ili kosa la moja lifutwe na la nyingine. Magari mengi ya mwanzo yalikwepa hayo yote kwa kutumia cheni kama baiskeli. Mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer alipata hataza ya jointi yake ya magari, na polepole shafti ikaenea.

Lakini si magari yote yalifuata njia moja. Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, ilificha shafti yake ndani ya bomba la chuma. Datsun, waliokuja kushinda 1970 na baadaye wakamwona Shekhar Mehta akiibeba miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, waliiacha wazi chini ya gari. Fundi aliyelelewa na Peugeot anaweza kupotea chini ya Datsun, na wa Datsun vilevile. Kwa hivyo ukoo wa gari ni swali la kwanza.

La pili ni mwendo. Tulitoka naye Nyamasaria tukielekea Ahero, pale Kano kulikonyooka. Tukiwa 80, akaniambia niweke nyutro. Injini ikashuka, mtetemo ukabaki. Basi si injini. Halafu akaniambia nisikilize kasi ya mtetemo wenyewe. Kwa 80, gurudumu dogo kama letu linazunguka karibu mara 13 kwa sekunde. Propela inazunguka karibu mara nne ya hiyo, kama 50. Tairi mbaya inakutikisa polepole, unaisikia kwa usukani au kiti. Shafti inavuma. Yetu ilikuwa inavuma. Zile pesa zote za tairi, omera, tulikuwa tunatibu mguu na kinachouma ni mgongo.

La tatu likamaliza kesi. "Gia boksi ni yake?" Hapana. Miaka iliyopita ile ya gia nne ilikufa, mzee akawekewa ya gia tano kutoka kwa Nissan nyingine. Ilikuwa ndefu zaidi, kwa hivyo shafti ikakatwa na kuchomelewa kando ya barabara. Tulipoingia chini na tochi, kovu lilikuwa hapo wazi: uma wa mbele na wa nyuma haukuwa kwenye mstari mmoja. Makosa mawili ambayo yangefutana yalikuwa yanaongezana. Jointi zenyewe zilikuwa nzima. Ungebadilisha yunivasali kila mwezi na usipone.

Shafti ilipelekwa kwa mashine ya kukereza, ikakatwa, ikapangwa, ikachomelewa upya na kubalansiwa. Gharama haikufika ya zile tairi.

Siwalaumu wale mafundi watatu. Hakuna aliyewaambia, kwa sababu hakuna aliyeandika. Sisi magari yetu yana logbook ya serikali inayosema nani alimiliki, lakini haisemi nani alikata nini. Hayo yamo vichwani mwa wazee wachache wa jua kali, na hao wazee wanastaafu.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Nunua daftari la mia, liweke kwa dashibodi. Kila spea ikibadilishwa, andika tarehe na kilichofanywa. Kabla fundi hajatoa propela, mwambie apake alama ya rangi kwa shafti na kwa flanji ya dif, irudi vile ilivyotoka. Na ukiwa na fundi mzee karibu nawe, enda ukae naye na simu yako ikirekodi.

Mzee wangu ameanza la kwake. Ukurasa wa kwanza ameandika: "Gia boksi si yake."