Fortnight na Arobatashara

Katika orodha moja ya istilahi za ofisini nimeona neno la Kiingereza fortnight limefasiriwa "kipindi cha majuma mawili", nami sikuweza kulinyamazia jambo hilo, maana mabwana waliokaa kitako kuipanga orodha hiyo wamehesabu majuma, ilhali neno lenyewe halina juma ndani yake hata moja.

Asili yake ni feowertyne niht, yaani usiku mara kumi na nne, kwa kuwa Waingereza wa kale, kama jamaa zao wa Ujerumani, walihesabu usiku badala ya mchana, na desturi hiyo Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, aliiandika mnamo mwaka 98. Walikuwa pia na sennight, usiku saba, ambalo limekwisha kufa. Na jirani zao wa Wales hata leo husema pythefnos, usiku kumi na tano, kwa kuwa wao huhesabu ncha zote mbili.

Basi ni nani aliye karibu na hesabu hiyo kuliko Mswahili? Kwetu siku huanza magharibi: mwezi wa Ramadhani ukiandama jua likitua, tarawehe husaliwa usiku ule ule kabla hajafunga mtu, na mzee wa pwani akitaja usiku wa Ijumaa, muradi wake ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa, ambao Mzungu huuita wa Alhamisi.

Kwa sababu hiyo, katika kufasiri fortnight nashikilia arobatashara, yaani kumi na nne. Ni ndugu wa thenashara na thelatashara, na kila aliyelelewa mwambao anaujua mwezi wa arobatashara, uliotimia na kung'aa. Wapinzani wangu hudai kwamba neno ni la Kiarabu tena limechakaa, kana kwamba juma walilolichagua wao halikutoka huko huko. Wengine hupendekeza "nusu mwezi", wakasahau kuwa mwezi mwandamo ni siku 29 au 30, na nusu ya hizo si kumi na nne kamwe.

Matumizi yake ni mepesi: mpangaji apewe notisi ya arobatashara, kibarua alipwe kila arobatashara. Niliwapelekea mabwana wa orodha ile hoja hizi zote kwa maandishi. Wakanijibu kwa sentensi moja, isiyo na hoja wala dalili, kwamba shauri limekwisha kukatwa. Mimi sikulikubali, na katika kila nitakachoandika nitaandika arobatashara.