Maswali Kumi

Kutoka nyumbani Woodley hadi kwa daktari ni robo saa kwa miguu, ukishika Ngong Road. Mimi ilinichukua miaka mitatu.

Si pesa tu. Kwetu ukisema unaenda kwa daktari wa akili, watu wanasikia Mathari. Hospitali hiyo ilifunguliwa 1910, enzi za ukoloni, na kuanzia 1938 ikaongozwa na J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alitulinganisha na Mzungu aliyekatwa mishipa ya mbele ya ubongo. Ni daktari wa aina hiyo niliyemwogopa: anayejua jibu lako kabla hujafungua mdomo.

Niliyemkuta ni mama wa rika la mathe. Akatoa karatasi moja yenye maswali kumi.

“Unakunywa mara ngapi?”

“Wikendi tu, Daktari.”

“Siku ukinywa, unakunywa ngapi?”

“Mbili, tatu hivi.”

Akaandika bila kuniangalia vibaya. La sita: umewahi kuhitaji pombe asubuhi ndipo siku ianze? Nikanyamaza. La kumi: kuna mtu wako aliyewahi kuingiwa na wasiwasi juu ya unywaji wako? Nikamkumbuka mathe akimwaga chupa kwenye sinki, taa imezimwa ili majirani wasione.

“Turudi la kwanza,” nikasema. “Nimekudanganya.”

“Wengi hurudi la kwanza,” akajibu.

Nilipata 24 kati ya 40. Ukifika 20, kuna uwezekano mkubwa mwili umeshaitegemea pombe. Akanionya nisiache ghafla peke yangu, maana naweza kushikwa na kifafa. Tutapunguza kwa dawa, yeye akiniangalia.

Usiku nikayatafuta maswali yale. Yanaitwa AUDIT, na yalitolewa 1989 na Shirika la Afya Duniani, lile lile lililomchapisha Carothers. Yalitungwa kutokana na majibu ya wagonjwa wa nchi sita: Australia, Bulgaria, Meksiko, Norwe, Marekani na Kenya.

Yaani kuna Wakenya walioketi kwenye kiti kama changu, wakaulizwa, na majibu yao yakaandikwa. Leo mlevi wa Oslo anapimwa kwa maswali waliyosaidia kuyatunga. Sijui kama nao walidanganya kwanza.

Alhamisi narudi. Mathe amesema tutaenda wote, atangoja nje.